Kisu cha Upande Mmoja

Wazazi wenzangu, akina mama wakwe, na nyinyi majirani msiopitwa na la mtu, sogeeni karibu. Nina habari ya nyumba moja iliyokaribia kuvunjika kwa sababu ya kisu. Msishtuke, hakuna aliyechomwa. Kisu chenyewe kilikuwa cha kukunja, cha kutia mfukoni, mpini wake wa mti umelainika kwa kushikwa miaka mingi, na hakikuwahi kumtoa mtu damu isipokuwa kidole gumba kimoja ambacho tutakifikia.

Nyumba hiyo ilikuwa nyuma ya kitalu cha miche ya miparachichi. Ungepita pale asubuhi ungetamani na wewe uwe mche. Viriba vyeusi vya plastiki vilipangwa safu safu chini ya wavu wa kivuli, udongo umelowa, maji yanadondoka kutoka kwenye mpira wa kumwagilia, na ndani ya banda lililo wazi pande tatu wameketi wanawake wawili kwenye vigoda, mmoja anakata na mwingine anafunga. Mkubwa wao ndiye mwenye kitalu, mjane ambaye wateja walimwita Bibi Kitalu mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu. Mdogo wao alikuwa mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee. Mwana huyo ndiye aliyeendesha pikapu ya kupeleka miche kwa wateja. Na katikati ya vigoda alizunguka binti yao mdogo, Njugu, aliyepewa jina hilo kwa udogo wake na kwa ugumu wake wa kubadilishwa kauli.

Walikuwa wakipendana. Nalisema hili mapema msije mkadhani nawaletea kisa cha mama mkwe mwenye roho mbaya na mkamwana mjeuri. Mkamwana akipika, Bibi Kitalu alisifu hata chumvi ikizidi. Bibi Kitalu akiumwa na mgongo, mkamwana ndiye aliyemkanda. Ubaya wa habari yangu ni huohuo, kwamba watu wanaopendana ndio walioumizana.

Kazi yao ilikuwa kubebesha. Kwa asiyejua, mtu huchukua mche ulioota kwa mbegu, wenye mizizi ya nguvu lakini usio na uhakika wa tunda, akaukata kichwa kwa mshazari. Kisha huchukua kikonyo, yaani kijiti kutoka kwenye mti mzazi unaojulikana kwa matunda yake, nacho akakikata mshazari uleule. Huviegemeza jeraha kwa jeraha, hufunga kwa utepe wa plastiki, halafu hungoja. Vikigusana sawasawa hushikana vikawa mti mmoja. Vikiachana hata kwa upenyo wa uzi, hewa huingia na kikonyo hukauka. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye ule mkato mmoja, na mkato uko kwenye kisu.

Kisu kilikuwa cha marehemu mumewe Bibi Kitalu. Kilinolewa upande mmoja tu. Upande huo uliteremka kwenda kwenye makali, na upande wa pili ulikuwa bapa kutoka juu hadi chini, umesuguliwa mpaka unajiona meno ndani yake. Marehemu alikuwa na sharti moja juu ya kisu hicho, kwamba upande wa bapa usinolewe kamwe. Alipofariki, mkewe alilishika sharti lile kama wasia. Kila jioni alikifuta kisu, akakitundika kwa kamba ya mpini kwenye msumari bandani, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusisha kwenye kinoo isipokuwa yeye.

Mkamwana alipokuja kuishi pale, Bibi Kitalu alimpa heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Alikitoa kisu msumarini, akakiweka kwenye kiganja chake, akamwambia kuanzia leo tunakata wote. Wakakubaliana kila mmoja awe na rangi yake ya utepe ili aione kazi ya mkono wake ikikua. Bibi Kitalu akachukua kijani. Mkamwana akachukua njano.

Mkamwana alikuwa mtu wa shoto.

Miche ya utepe wa kijani ikachipua. Ya njano ikakauka. Hawakushtuka mara ya kwanza, maana kila fundi huanza kwa kuharibu. Mara ya pili Bibi Kitalu akamkalia ubavuni, akamwelekeza polepole, na bado njano ikakauka. Ilifika mahali ukitupa jicho bandani uliona safu ya majani mabichi, na pembeni yake safu ya vijiti vya kahawia vimevaa tepe za njano kama vinakwenda harusini.

Siku moja mkamwana alikiinua kisu, akakitazama, akasema taratibu, "Mama, hiki kisu kinanivuta. Mimi naenda huku, chenyewe kinachimba kule."

Bibi Kitalu hakuinua hata kichwa. "Mchagua jembe si mkulima, mwanangu."

Methali ni kitu kitamu, ndugu zangu. Ukiitoa mahali pake inamaliza ugomvi. Ukiitoa mahali pasipo pake inamaliza mazungumzo, na mwenye shida anabaki na shida yake mdomoni. Mkamwana alirudi kukata. Kesho yake alikuja bandani na kisu cha jikoni, akakata vikonyo vichache kabla mama mkwe hajamwona. Alipomwona alimnyang'anya, akauliza tangu lini kisu cha vitunguu kikagusa mti wa marehemu. Vile vikonyo vichache vilishika na kuchipua, lakini Bibi Kitalu alisema ni bahati, na mambo yakaishia hapo.

Basi mkamwana akajaribu kukata kwa mkono wa kulia, apate kufanana na wenzake. Hapo ndipo kilipopatikana kile kidole gumba. Bibi Kitalu alikiosha mwenyewe kwa maji ya uvuguvugu, akakifunga kwa kitambaa safi, akakipuliza kama cha mtoto, na huku anafunga anamwambia atazoea tu. Alisema kwa upendo, na ndiyo maana mkamwana hakupata pa kujibia.

Sasa njooni kwenye neno lenyewe. Jirani mmoja mwenye nyumba ya geti la buluu alikuja kununua miche, akauliza mbona hii ya njano imekauka hivi. Bibi Kitalu akacheka, akasema, "Mkamwana wangu ana mkono wa kukausha." Alikuwa akitania. Lakini utani ukishatoka mlangoni haurudi kuuliza ulikusudiwa nini. Wiki haikuisha, wateja wakaanza kusema wapewe miche ya kijani peke yake. Baadaye mkamwana akinyoosha mikono ampokee mtoto mchanga wa mtu, mama mtoto hukumbuka ghafla kwamba mtoto anasinzia. Lisemwalo lipo, wakasema wale wa geti la buluu, wakati aliyelisema ni mmoja na wao ndio waliolipa neno hilo miguu.

Haya yote mkamwana aliyabeba. Lililomshinda lilikuwa la Njugu. Mtoto alianza kujilisha, na kila mara kijiko alikishika kwa kushoto. Bibi yake, kwa huruma kabisa, akiogopa na huyu asije akaitwa mkono wa kukausha, alikihamishia kulia. "Mkono huo hapana, mama," alimwambia kwa sauti laini. Samaki mkunje angali mbichi, aliwaeleza wazazi wa Njugu. Basi siku moja mkamwana aliinama chini ya meza kuokota kitambaa, akaona kwa nini Njugu siku hizi anakula ametulia hivyo. Alikuwa ameukalia mkono wake wa kushoto, ameubana chini ya paja, vidole vimekuwa vyekundu.

Hakumwambia mtu siku ile isipokuwa mumewe. Mwana akatafuta chumba upande wa pili wa mji, akakipata, akapewa ufunguo. Kisha akamjia mama yake na maneno ya kuzungukazunguka kama gari linalotafuta pa kuegesha, kwamba Njugu anakua, kwamba huko ni karibu na shule, kwamba watakuwa wanakuja kila Jumapili. Bibi Kitalu alisikiliza, akasema sawa baba, akaenda kumwagilia miche iliyokwisha kumwagiliwa. Aliona kitu kimoja tu mbele yake, vigoda viwili na mtu mmoja. Alijua wanamkimbia yeye. Hakujua kwa lipi, na kuuliza aliona haya.

Huenda ni yale maji ya ziada, huenda ni mawazo, lakini asubuhi iliyofuata aliteleza kwenye tope kando ya mpira, akaanguka na kuuweka mkono wa kulia chini apate kujizuia. Kiwiko kikasalimika, kifundo kikavunjika. Hospitali walimfunga plasta kutoka kwenye vifundo vya vidole hadi karibu na kiwiko, wakamwambia awe mvumilivu. Mwanawe alimrudisha nyumbani kwa pikapu akiendesha polepole kama amebeba mayai.

Mchana wakaketi kula. Mkamwana alimwekea mama mkwe wali na maharage kwenye bakuli, akamletea kijiko, akauliza amlishe? Bibi Kitalu akasema yeye si mgonjwa wa kulishwa. Akakichukua kijiko kwa mkono uliobaki. Punje zingine zikaenda kifuani, zingine zikapata njia ya mdomo.

Njugu alikuwa akimtazama tangu mwanzo. Akateremka kwenye kiti chake, akazunguka meza, akasimama mbele ya bibi yake. Kwa upole uleule aliofundishwa, akakitoa kijiko kwenye vile vidole vya kushoto. "Mkono huo hapana, Bibi," akasema.

Mwana akatazama sahani yake. Mkamwana akatazama dirishani. Bibi Kitalu alitaka kucheka na kicheko kikamkwama, kwa sababu njaa ilikuwa inamuuma kweli, na mkono ule ndio aliokuwa nao, hana mwingine. Kisha macho yake yakashuka kutoka kwenye uso wa mtoto hadi kwenye kiti kitupu alikotoka. Akakumbuka kwamba kwa siku nyingi hajauona mkono wa kushoto wa mjukuu wake mezani. Ndipo alipojua kwa lipi wanamkimbia.

Alasiri mwana alikuwa barabarani na mkamwana yuko uani anafua. Bibi Kitalu akaenda bandani peke yake. Kulikuwa na vikonyo vya asubuhi vimeviringishwa kwenye kitambaa kibichi, na kikonyo hakingoji mfupa wa mtu uunge. Alijiambia anakwenda kuviokoa. Ukweli ni kwamba alitaka kukaa mahali pasipo na kijiko.

Akakitoa kisu msumarini kwa mkono wa kushoto. Kijiti akakibana kwa ncha za vidole zilizochomoza kwenye plasta, akakata. Kisu kiliingia vizuri, katikati kikaanza kuchimba, mwisho kikapanda na kutokea kabla ya wakati wake. Akautazama mkato. Ulikuwa na bonde katikati kama kijiko. Akaulaumu mkono, akakata kingine. Bonde. Akabadilisha namna ya kukaa, akakaza kifundo, akakata kwa kunyemelea. Bonde lilelile, mahali palepale.

Hapo ujuzi wake wa miaka yote ukamnong'oneza. Mkono mzembe hukosea kila mara kwa namna yake. Huu ulikuwa ukikosea kwa namna moja tu. Akaenda kwenye safu ya vijiti vilivyokauka, akafungua utepe mmoja wa njano, akavitenganisha vipande viwili na kuvitazama. Kila kimoja kilikuwa na bonde kama la kwake. Akafungua wa pili, na wa tatu. Ungesema vimekatwa na mtu mmoja.

Akaondoka pale kwa mwendo wa mtu aliyeacha kitu jikoni, na kweli alikuwa anakwenda jikoni. Akarudi na kisu cha vitunguu. Akakata kwa kushoto, na mkato ukaenda moja kwa moja. Haukuwa mzuri sana, lakini ulikuwa wa kutosha kushika. Akakumbuka ile miche michache aliyoiita ya bahati. Akavishika visu vyote viwili akivitazama kwa ncha. Cha jikoni kiliteremka pande zote mbili. Cha marehemu kiliteremka upande mmoja. Kwa mtu wa kulia, ule upande bapa ndio unaolala juu ya mti na kukiongoza kisu. Kwa mtu wa shoto unalala mteremko, na kisu hakina pa kuegemea, kinachimba. Alikuwa amekinoa kwa mikono yake miaka yote, na hajawahi kukiangalia kwa jicho la anayekishika upande wa pili.

Aliketi kwenye kigoda kisichokuwa chake. Roho ilimuuma vibaya. Kuvunjika mfupa hakukumuuma hivyo.

Mkamwana akapita na beseni la nguo mbichi kiunoni. Bibi Kitalu akamwita.

"Mwanangu, kisu kinavuta."

Mkamwana akasimama. Akaviona vijiti, tepe za njano zilizofunguliwa, kisu chake cha jikoni. "Nilikuambia, Mama."

"Uliniambia. Nikakupa methali."

Mkamwana akaliweka beseni chini. Bibi Kitalu hakutafuta maneno ya kuzunguka. Alimwambia mkono wako hauna neno, na wa mtoto hauna neno. Yale niliyoyasema niliyasema kwa kinywa changu, na nitayarudisha kwa kinywa hikihiki. Akamwomba msamaha, na machozi yakamtoka, naye hakuwa na mkono wa kuyafutia maana mmoja ulikuwa kwenye plasta na mwingine umeshika kisu.

Ingekuwa hadithi ya watu wengine hapo wangekumbatiana tukaenda zetu. Lakini mkamwana alikuwa na kidonda. "Kisu ningekivumilia," akasema. "Hata wale wa geti la buluu ningewavumilia. Mtoto anaukalia mkono wake, Mama."

"Najua. Leo amenipokonya kijiko."

Akakigeuza kisu, upande bapa ukawa juu. Kisha Bibi Kitalu akasema leta kinoo. Mkamwana alipoelewa anachotaka kufanya alimzuia, akamkumbusha kwamba marehemu Baba alikataza upande ule usinolewe, na kwamba yeye anaweza kuendelea na kisu chake cha vitunguu, hana shida.

"Yeye aliusemea mkono wake," Bibi Kitalu akajibu. "Na mkono wake tulishauzika. Sasa kuna wa kwangu na wa kwako. Leta kinoo."

Wakafanya kazi ile wawili, maana mmoja alikuwa na mkono mmoja na mwingine hakuwahi kunoa kisu kile. Kinoo kililazwa juu ya ubao, mkamwana akakishika kisicheze, na maji yakamiminwa. Upande bapa wakaupaka wino mweusi wa kalamu nene, ule wa kuandikia viriba, wapate kuona jiwe linagusa wapi. Chini ya mgongo wa kisu Bibi Kitalu akaweka njiti mbili za kiberiti, kipimo cha kukiinua kidogo tu kisipindukie. Msuguo wa kwanza akasema ni wake. Upande ule uliokuwa haujawahi kuinuliwa kwenye jiwe ukakwaruza, na yule mjane akafumba macho kidogo, halafu akafumbua kwa sababu kunoa hakufanywi kwa kufumba macho.

Baada ya hapo akampisha mkamwana asugue, yeye akawa wa kumimina maji na kutoa amri, kazi aliyoiweza vizuri. Wino ukaanza kufutika kwenye ukingo, uzi mwembamba wa chuma kipya ukatokea, ukapanuka. Mkamwana akapitisha kidole upande wa pili, akahisi kile kikwaruzo kidogo cha chuma kinachoonyesha kwamba upande mmoja umefika. Wakageuza. Ule mteremko wa zamani wakaupunguza ulale, ufanane na mwenzake. Wakabadilishana, huku mara moja, kule mara moja, kila mara kwa mkono mwepesi zaidi, tope la kijivu likiwachuruzika hadi viwikoni. Mwisho wakakipitisha kisu kwenye mkanda wa ngozi mpaka kikwaruzo kikaisha. Ukikitazama kwa ncha, makali yalikuwa yamekaa katikati.

Mkamwana akakata kijiti kwa kushoto. Akakata cha pili. Akaviegemeza na kuviinua kwenye mwanga wa alasiri. Hakukuwa na mwanga uliopenya. Akaendelea kuviinua pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na Bibi Kitalu akamwacha.

Mwana aliporudi aliwakuta wamechafuka kama watoto, nguo bado ziko kwenye beseni. Ufunguo wa kile chumba ulikuwa mfukoni mwake. Aliambiwa na mkewe kwamba vitanda havipakiwi wiki hii, kuna vikonyo vya kubebesha. Hakuuliza la pili. Aliuliza kama kuna chakula, akaambiwa ajipikie.

Walipoketi kula jioni, Bibi Kitalu akakishika kijiko kwa kushoto mbele ya Njugu. Mtoto akafungua mdomo amkanye. Bibi akamwahi, akamwambia yule bibi aliyesema vile alikuwa amekosea, na kwamba mkono wowote unaofika mdomoni ni mkono mzuri. Njugu akamtazama mama yake, akamtazama baba yake. Kisha akautoa mkono chini ya paja, akauweka mezani. Bibi Kitalu akakisogeza kikombe cha mtoto kutoka kulia kukipeleka kushoto, mahali mkono ule ungekifikia bila kuzunguka. Mkamwana aliiona ile ishara ndogo, na nadhani ufunguo ulirudishwa kwa mwenye nyumba kwa ajili ya ishara hiyo zaidi kuliko kwa ajili ya kisu.

Kuhusu lile neno la mkono wa kukausha, Bibi Kitalu alikwenda mwenyewe kwenye geti la buluu, mchana wa watu, mkono wa plasta umetundikwa shingoni. Neno alilisema hadharani, basi na kulirudisha alitaka hadharani. Akasema mbele ya waliokuwepo kwamba alimsingizia mtoto wa watu, kwamba kosa lilikuwa la kisu na la mwenye kukinoa, na mwenye kukinoa ni yeye. Wengine walicheka. Mama mmoja hakucheka, akamwita mkamwana siku ileile ampakate mwanawe, eti amechoka mikono.

Miche ikachipua. Tepe za kijani na za njano zikawekwa kando, wakanunua nyeupe tupu. Jirani wa geti la buluu alipokuja akataka miche ya mkono wa Bibi Kitalu, aliambiwa na Bibi Kitalu mwenyewe kwamba hata yeye haijui ni ipi. Akachukua tu iliyokuwa karibu.

Plasta ikatolewa. Bibi Kitalu akarudi kwenye kigoda chake kwa shangwe, akakitoa kisu msumarini kwa mkono wake wa kulia na kukata kijiti kwa mbwembwe zake za zamani. Mkato ukaenda upande. Ule ubapa uliomwongoza maisha yake yote haukuwepo tena. Akakata kingine, nacho kikapinda. Ilimbidi ajifunze upya kuongoza kwa kifundo, katika umri ule, mbele ya mkamwana wake ambaye vijiti vyake vilikuwa vimenyooka safu nzima.

"Hiki kisu kinanivuta," akanung'unika.

Mkamwana hakuinua hata kichwa. "Mchagua jembe si mkulima, Mama."

Njugu aliyekuwa akicheza na viriba hakuelewa kwa nini wale watu wazima wawili walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye kigoda. Alicheka nao tu, akipiga makofi.

Funzo

Wenzangu, mtoto wa shoto hana kasoro ya kunyooshwa. Ndivyo alivyo, na mkono anaoukalia mezani ndio mkono ambao kesho ungemlisha. Mwacheni autumie.

Pili, mtu wa nyumbani mwako akikosea kila mara kwa namna ileile, usikimbilie kumpa jina. Mkosi, mzito, mkono wa kukausha, haya ni majina mepesi kutamka na mazito kubeba. Kwanza kishike kile ulichompa afanyie kazi, ukishike kwa upande wake, uone kinavuta wapi. Na akikuambia kinavuta, usimjibu kwa methali.

Na mwisho, ukitambua umekosea, usiombe radhi kwa maneno peke yake. Kuna kitu ulichokinoa kwa ajili yako tu. Kirudishe kwenye jiwe, ukinoe upande wa pili, hata kama kuanzia hapo itakubidi na wewe ujifunze upya kukata.